Vidonge Alivyoviogopa Tekla

Mpunga ukishaanza kutia maziwa, hakuna tena habari za naenda mara moja narudi. Ndege hawana mara moja. Kwelea kwelea wakishuka kwenye shamba lisilo na mtu, jioni utakuta masuke yamesimama wima kwa sababu hayana kitu ndani, na mwaka wako umeishia hapo. Ndiyo maana watu wa Idete, msimu ukifika, hufunga nyumba zao kijijini, hubeba sufuria na vyandarua na kuhamia bondeni, kila familia shambani kwake. Hulala kwenye vibanda vya nyasi, na kutwa nzima hukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuwingia ndege, wakipiga kelele hadi sauti zinawakauka.

Mwaka huo Tekla alihamia peke yake. Mume wake, Damiani, alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, na mama mkwe wake, Yosefina, goti lilikuwa limemkatalia kupanda dungu. Kwa hiyo ndege wote wa shamba lile walikuwa wa Tekla. Kutoka pale alipokaa, kamba ndefu zilikwenda pembe zote za shamba, zimefungwa makopo. Akivuta kamba, makopo yanalia kule mwisho, ndege wanainuka kwa pamoja na kuhamia kwa jirani. Jirani naye anavuta zake, wanarudi. Ni kazi ya kuchelewesha hasara tu, lakini usipoifanya hasara haichelewi.

Alikuwa na miaka thelathini na sita na mimba iliyokaribia miezi saba. Kwenye nguzo ya dungu alitundika kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo kulikuwa na bahasha ndogo ya kaki aliyopewa kliniki, na ndani ya bahasha vidonge vya manjano vya presha. Kila asubuhi alilifungua lile kopo, akavitazama, akalifunga. Hakuwa amemeza hata kimoja. Akimeza, alihofia atamwua mtoto. Asipomeza, nesi alikwisha sema presha inaweza kuwaondoa wote wawili. Alikaa katikati ya hofu hizo mbili huku akivuta kamba.

Tusimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Tekla alikwisha umwa.

Miaka michache nyuma alikuwa na mimba ya kwanza. Presha ikaonekana, akapewa vidonge, akavimeza kwa uaminifu wa mtu anayefuata misa. Mtoto alikuwa anacheza vizuri tumboni, tena alikuwa mtukutu, akipiga teke sahani inatikisika ukiiweka juu ya tumbo. Siku moja Tekla akiwa anaosha vyombo akagundua kwamba tangu jana yake hajasikia kitu. Alisimama pale na sufuria mkononi, akingoja. Alingoja mpaka maji ya kuoshea yakapoa. Alijifungua mtoto wa kiume, mzima kila kiungo, ambaye hakulia.

Wanawake ndio walikwenda kumzika, kama ilivyo desturi kwa watoto wa namna ile. Yosefina alirudi na udongo miguuni, akaketi mlangoni na kusema, "Vidonge vile, mwanangu. Vilimkausha." Hakusema kwa ubaya. Yeye naye alikuwa amepoteza mjukuu na alikuwa anatafuta wa kumlaumu. Lakini neno la msibani likishatoka halirudi, na hili liliingia kifuani kwa Tekla likajenga nyumba kabisa.

Baada ya hapo presha haikumwacha. Hospitali walimwandikia vidonge vingine, vyeupe, vya kwenye karatasi ya fedha, akawa anavimeza leo na kuviacha kesho. Kisha, baada ya miaka ya kungoja na kunyamaza, akakosa siku zake. Hakumwambia mtu isipokuwa Damiani. Kwetu huku mimba haitangazwi. Tumbo litasema lenyewe wakati wake ukifika, na kabla ya hapo anayetangaza anaita macho ya watu. Desturi hiyo ina hekima yake, sikatai, lakini nayo ina siku zake za kumponza mtu.

Alikwenda kliniki mimba ikiwa ya miezi mitano, amejifunga kitenge kipana. Nesi alimpima presha, akampima tena. "Hivi vyeupe unavyomeza, acha kuanzia leo," akamwambia. "Chukua hivi vya manjano. Hivi ndivyo vya mama mjamzito." Alieleza na mengine, tena kwa upole na kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ila Tekla aliposikia neno "vidonge" masikio yalimziba. Alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akili yake iko kwenye ile sufuria ya mwaka ule. Mtu mwenye hofu unaweza kumwambia kila kitu na akaondoka na lile la kutisha tu.

Njiani kurudi ndipo maswali yalipoamka. Akapita duka la dawa. Muuzaji alikuwa Careen, binti mchangamfu, mwenye ulimi ambao ukiupa habari asubuhi, jioni utaipokea kwako ikiwa imekua. Tekla alijua kwamba akitoa ile bahasha ya kaki, Careen ataona mara moja ni ya kliniki ya wajawazito, na kesho yake kijiji kizima kitakuwa kinamtazama tumbo. Kwa hiyo aliiacha bahasha ndani ya mkoba. Akatoa karatasi ya fedha, ile tupu, ya vidonge vyeupe vya zamani.

"Hizi za presha," akauliza, "mtu akiwa mjamzito anaruhusiwa kumeza?"

"Nani huyo mjamzito?"

"Jirani yangu mmoja."

Careen aliigeuza ile karatasi, akasoma, akatikisa kichwa. "Mwambie aache leo leo, dada. Hizi mjamzito hapewi kabisa. Zinamdhuru mtoto."

Binti wa watu alisema kweli tupu. Alijibu alichoulizwa, kuhusu dawa aliyoonyeshwa, na wala hakukosea hata neno. Lakini Tekla alitoka pale amebeba jibu la vidonge vyeupe akavivika vile vya manjano. Kwake yeye zote zilikuwa dawa za presha, na dawa ya presha ilikwisha mwonyesha kazi yake. Wazee husema kuuliza si ujinga. Sawa, lakini ukiuliza kwa jina la jirani utajibiwa ya jirani.

Akahamia bondeni na hofu yake.

Watu wa mjini husema shamba kuna amani. Amani gani? Kukaa kutwa juu ya miti, jua likikuchoma upande mmoja asubuhi na upande wa pili jioni, huna wa kusema naye isipokuwa ndege unaowatukana. Maji ya mafuriko yalikuwa bado yamelala mabondeni na kufanya mashamba yaonekane mbali kuliko yalivyo. Majirani walikuwepo, lakini walikuwa sauti tu. Upande wa jua kuchomoza alikuwapo Aneth na wanawe, sauti nyembamba. Upande wa mtoni alikuwapo mzee Fulgensi, babu yake Damiani kwa upande wa mama, mjane, mvuvi na mkulima, mwenye sauti ya kuamsha viboko. Na kwa kuwa mke wa mjukuu kwa utani ni mke wa babu, kila asubuhi Fulgensi alipaza sauti yake kupita mpunga wote.

"Mke wanguuu! Shamba lako linaliwa, na mume wako mzee nimelala njaa! Uji uko wapi?"

"Shikamoo, babuuu!"

"Marahaba! Sikuomba shikamoo, nimeomba uji!"

Siku za mwanzo Tekla alimjibu, akamtania kwamba mzee asiye na meno uji wake ni wa kunywa kwa mrija. Kadiri siku zilivyokwenda alimjibu kwa makopo tu. Alivuta kamba, yakalia, na Fulgensi akaridhika kwamba mkewe wa utani yupo hai na ana kiburi. Kumweleza babu wa watu mambo ya tumbo, kwa kupiga kelele, bonde zima likisikia, lilikuwa jambo lisilowezekana hata kufikirika.

Aliyebaki ni Damiani. Lakini bondeni simu haishiki, isipokuwa ukipanda kwenye kichuguu kikubwa kilicho kando ya njia, ukasimama juu kabisa na kugeukia upande wa Ifakara. Jioni moja ndege walipokwenda kulala, Tekla alikipanda, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine.

"Damiani, nataka kukuuliza. Wale kliniki wamenipa vidonge vya presha."

"Eh."

"Naogopa. Unakumbuka yaliyotupata."

Nyuma ya Damiani wanaume walikuwa wanacheka kitu. Si mtu mbaya huyo Damiani, isipokuwa ni mmoja wa wanaume ambao jambo likigusa pale panapouma hutafuta mlango. "Sasa mimi niseme nini, mke wangu," akasema mwishowe. "Wewe ndiye unayeujua mwili wako. Fanya unavyoona."

"Mimi sioni kitu, Damiani. Ndiyo maana nakuuliza."

"Basi tuombe Mungu. Nitakupigia." Simu ikakatika, ama mtandao, ama yeye.

Tekla alibaki juu ya kichuguu na simu sikioni muda mrefu baada ya sauti kuisha. Kutoka pale aliona mioshi ya vibanda vya wenzake, mmoja mmoja, kila mmoja na watu wake kandokando. Alijisikia mpweke. Ana mume, ana mkwe, ana jina zuri kanisani na majirani pande mbili, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia meza au usimeze. Akashuka taratibu, akaenda kuchemsha mchicha, akala nusu.

Hakumsemesha mtoto. Yule wa kwanza alimsemesha sana, akamwimbia, akamtajia na majina ya mashangazi. Huyu alimwekea mkono tu, akahakikisha anacheza, akauondoa mkono haraka.

Miguu ikaanza kuvimba. Akasema ni kushinda imening'inia. Pete ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni, akasema ni jua. Kichwa kikaanza kuuma na hakikukoma, akameza panadoli mbili, akasema ni malaria, maana huku bondeni kila kitu ni malaria mpaka kithibitike vingine. Akalifungua lile kopo la majani ya chai na kuvitazama vidonge vyake vya manjano. Akamwaga viwili kiganjani. Akaona uso wa Yosefina mlangoni na udongo miguuni, akavirudisha.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa asubuhi kama nyingine. Fulgensi aliita, "Mke wanguuu!" na Tekla akavuta kamba. Jua lilipopanda, kichwa kilimshika kisawasawa. Vinyota vikaanza kuchezacheza mbele ya macho yake hata akiyafumba, na mpunga ukageuka ukungu wa kijani. Akajilaza juu ya dungu, kamba bado mkononi. Akawasikia ndege wakishuka, sauti yao kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Akavuta kamba mara moja, kopo likalia kidogo, ndege hawakujali. Hakuvuta tena.

"Mke wangu!" sauti ikavuka mpunga. "Umelala na nani huko, ndege wanakula?"

Makopo hayakulia.

"Tekla!"

Lile jina halikuwa la utani, na Tekla alilisikia kwa mbali, akataka kuitika, akaona kuitika ni kazi kubwa kuliko kuvuta kamba. Baadaye akasikia maji yanapigwa na miguu ya mtu anayekimbia vibaya, mtu mzima ambaye hajakimbia siku nyingi. Ngazi ikalia.

Fulgensi hakupanda juu. Alisimama kwenye kipandio cha katikati, kichwa chake kikiwa sawa na sakafu ya dungu, akavua kofia.

"Ndege wamekula upande wote wa mtoni, mjukuu wangu. Una nini?"

"Kichwa, babu. Na macho."

Mzee alitazama miguu ya Tekla iliyovimba, akatazama na kitenge. "Una mimba," akasema, si kwa kuuliza.

"Ndiyo, babu."

"Na hiyo miguu?"

"Ni presha." Lilikuwa neno ambalo tangu ahamie bondeni alilisema mara moja tu, kwenye simu, na halikumletea msaada.

"Dawa huna?"

"Ninazo. Siwezi kuzimeza. Naogopa, babu." Machozi yakaanza, na kila alipolia kichwa kilizidi.

Fulgensi hakuuliza anaogopa nini. Wazee wengine wangeanza hotuba. Yeye alivaa kofia yake. "Haya," akasema. "Kulia utalia ndani ya mtumbwi. Telemka, nakushika mkono."

Mtumbwi wake ulikuwa kwenye mfereji ambao mafuriko yalikuwa bado hayajauachia. Alimlaza ndani juu ya magunia, akaliweka lile kopo la chai pembeni mwake, akachukua upondo na kuanza kusukuma. Na alipofika sawa na shamba la Aneth, akafanya jambo ambalo Tekla angetoa chochote lisifanyike. Alisimama wima, akafungua ule mdomo wake wa kuamsha viboko.

"Anethiii! Mke wa Damiani ana mimba! Presha imempanda, nampeleka hospitali! Pitisha habari, Festo alete bajaji barabarani!"

Tekla alijifunika kanga usoni. Mimba aliyoificha tangu mwezi wa kwanza, aliyomficha hata Careen, ilikuwa inatangazwa kwa ndege na watu. Akamsikia Aneth, kwa ile sauti nyembamba, akiipaza kwa dungu la mbele yake. Dungu la mbele likaipaza kwa jingine. Habari ilikwenda mbele ya mtumbwi, mdomo kwa mdomo, "Mke wa Damianiii... presha... bajajiii," ikapungua kwa mbali mpaka ikawa kama watu wanaowinga ndege wao wa kawaida. Halafu majibu yakaanza kurudi kutoka pande zote, kutoka kwa watu asioweza kuwaona.

"Pole, Teklaaa!"

"Nenda tu, shamba tutalitazama!"

"Mungu yupo, dada!"

Hakuwa amesikia jina lake kwenye midomo mingi namna ile tangu siku ya ndoa yake. Aliona aibu kweli, tena sana, na chini ya ile aibu alilia kwa kitu kingine ambacho hakukipatia jina. Walipofika barabarani Festo alikuwa tayari, bajaji inanguruma. Fulgensi alimpakia, akapanda naye, akamshikilia kichwa kisigonge mpaka Ifakara. Alipomkabidhi kwa manesi pale hospitali aligeuka akaondoka bila kuaga, maana na shamba lake pia halikuwa na mtu.

Walimpima, wakaitana. Akachomwa sindano zilizochoma mpaka mifupani, za kuzuia kifafa cha mimba, wakamwambia. Wakamwekea kifaa tumboni, na chumba kikajaa mapigo ya haraka haraka ya moyo wa mtu mdogo aliyekuwa bado hajakata tamaa. Presha iliposhuka, daktari alisema mtoto bado ni mchanga mno kutolewa, na kila siku anayoongeza tumboni ni faida kwake. Tekla atakaa wodini, atamalizia mimba hapo, na atameza dawa. Nesi akaleta dawa yenyewe. Vidonge vya manjano, ndugu za vile vya kwenye kopo.

Nitasema mapema ili mtu asikae roho juu. Mtoto alizaliwa hai. Alikuja kabla ya wakati wake, njiti, akabebwa kifuani kwa majuma mpaka akajua kunyonya, na sasa anaitwa Stumai na ana makelele ya mzee Fulgensi. Lakini ilibaki kidogo tu asizaliwe, na hilo lilitokea hapo hapo wodini, dawa ikiwa mkononi na manesi wamejaa.

Kwa sababu Tekla aliipokea dawa, akaiweka chini ya ulimi, akanywa maji, na nesi alipokwenda kitanda cha pili akaitema kwenye pindo la kanga. Akafunga fundo. Saa za kuona wagonjwa zilifika, wodi ikajaa mashangazi na chupa za uji, kila kitanda na watu wake. Cha kwake hakuna aliyekikaribia. Watu wake wengi walikuwa juu ya madungu. Damiani alipiga simu akasema anakuja, akiruhusiwa. Yosefina alituma chungwa na salamu kwa mtu wa bajaji. Tekla alilimenya lile chungwa ametazama ukutani, wala hakumlaumu mtu, akalala na fundo lake la kanga chini ya mkono.

Kesho yake presha ilipanda. Nesi wa zamu ya asubuhi, Noela, mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma kipimo mara mbili. Hakwenda kumwita daktari kwanza. Aliinama akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, unameza?"

Tekla angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amezoea kusema ndiyo. Lakini alikuwa amechoka, uchovu wa miaka, akalifungua lile fundo na kumwonyesha. Vidonge vilikuwa vimelowa na kuacha doa la manjano kwenye ua la kanga.

Noela hakufoka. "Niambie," akasema.

Akamwambia yote. Mtoto wa kwanza, maneno ya mama mkwe, vyeupe na vya manjano, duka la Careen. Kumbe yote yakisemwa kwa mpangilio hayazidi kazi ya kumenya chungwa. Noela alisikiliza mpaka pale kwenye karatasi ya fedha akainua mkono.

"Kwa nini ulimwonyesha ile, usimwonyeshe bahasha ya kliniki?"

"Asijue ni mimi."

"Mficha uchi hazai, dada," Noela akasema, bila kucheka. "Yule binti alikujibu sawa. Vyeupe vile havifai mwenye mimba, ndiyo maana nesi alikukataza. Hivi vya manjano ni vingine kabisa. Wajawazito wanapewa hivi miaka na miaka. Mtoto havimdhuru. Kinachomkaba mtoto ni presha yenyewe, inabana mishipa ya kondo, chakula hakimfikii."

Tekla aliuliza swali lililokuwa chini ya maswali mengine yote, na aliliuliza akiangalia doa la kanga.

"Na yule wa kwanza, nesi? Nilivimeza vyote. Sikuacha hata siku moja."

Noela alivua miwani akaifuta, ikachukua muda. "Sikuwepo," akasema. "Siwezi kukuapia kitu nisichokiona. Lakini nakwambia ninavyojua kazi hii. Mara nyingi presha inakuwa imeshatangulia kabla dawa haijafika. Mimi naamini wewe ulikuwa unamvuta mwanao arudi, ila kamba ilikuwa fupi. Hukumwua."

Hapo Tekla alilia. Miaka yote alikuwa amemlilia mtoto yule kama mtu aliyemwua, kwa kujificha, jikoni, maji ya vyombo yakimwagika ili asisikike. Sasa alimlilia kama mtoto aliyekufa. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, wodi nzima ikisikia, na mama wa kitanda cha pili akamwambia mgeni wake anyamaze.

Alipomaliza, Noela alikuwa bado amesimama, ameshika kikombe cha maji na kidonge kingine kwenye kifuniko cha chupa.

"Bado naogopa," Tekla akasema.

"Najua. Meza hivyo hivyo, unaogopa. Dawa haiulizi."

Tekla alikichukua kidonge. Mlangoni mtu alikuwa anaita, nesi, nesi, dripu imeisha, na Noela akageuza kichwa kutazama.

"Dada Noela. Una kazi nyingi?"

"Nyingi, mwenzangu."

"Kaa kidogo tu. Nimeze ukiwa hapa."

Noela aliitikia kule mlangoni kwamba anakuja. Kisha akavuta stuli, akaketi karibu mpaka magoti yake yakagusa godoro. Tekla alimeza, akanywa maji yote yaliyokuwemo kikombeni, akafungua mdomo kumwonyesha, na Noela akaendelea kukaa.